Ndiyo, huku nilichomwa tatu, nawajibu

Kwenye grupu ya familia binamu yangu wa Arua, Uganda, ameuliza tena, huu ugonjwa wa mpox umerudisha hizo stori, eti ni kweli nyinyi wa Uingereza mlichomwa chanjo ya korona mara tatu na sisi huku tunagombania moja, na kama ulikuwa unajua mbona hukukataa. Watu wakanyamaza. Mi najibu.

Ni kweli. Nafanya kazi ya keya, kutunza wazee, kwa hiyo nilikuwa kwenye kundi la mwanzo, huku walianza Desemba 2020 na mimi nikachomwa kabla hata ndege ya Covax, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, haijatua Entebbe, ile ya tarehe 5 Machi 2021 iliyoleta dozi 864,000 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 40. Hiyo ya kwanza sina ubaya nayo, mzee wa miaka 90 ninayemuogesha anaweza kufa kwa kikohozi changu. Lakini dada yetu nesi pale Arua naye si anashika wagonjwa? Alipata ya kwanza, halafu India ikafunga kuuza nje manake kwao kulikuwa kumewaka, na kiwanda cha kule ndicho Covax ilikitegemea, akakaa anangoja ya pili mpaka wimbi la Juni likamkuta hivyohivyo, oksijeni shida, hospitali za binafsi Kampala zinataka mamilioni kwanza ndo mgonjwa aingie. Mimi ikifika vuli naitwa kwa ya tatu. Hapo ndo roho iliniuma na bado inaniuma.

Watu wa huku ukiwaambia wanasema kila serikali ilinde wake kwanza, na si watu wabaya, hata baba hulisha wanawe kabla ya wa jirani. Sawa, ila sahani ya tatu wakati wa jirani hajaonja? Ikafika Desemba 2021 kijana wa miaka 20 mzima kabisa anaitwa kwa ya tatu, hiyo si kulinda tena. Canada iliagiza dozi za kutosha watu wake mara kadhaa. Na India na Afrika Kusini waliomba tangu Oktoba 2020 haki miliki za chanjo zilegezwe ili viwanda vingine vitengeneze, Uingereza hii ninayoilipa kodi ikawa kati ya waliokataa.

Halafu shule jamani. Watoto wa England walirudi darasani Machi 2021. Wa kwetu walifungiwa Machi 2020, madarasa machache yakafunguliwa, Juni 2021 yakafungwa tena, mpaka 10 Januari 2022 ndo wote wakarudi, wanafunzi kama milioni 15, na serikali ilikuwa inasema wazi walimu wachanjwe kwanza. Wachanjwe na nini? Wale wasichana wa mtaani kwetu waliopata mimba wakaacha masomo kabisa, kwangu mimi nao ni wahanga wa kukosa chanjo, hata kama hakuna aliyewaandika hivyo.

Sasa kwa nini sikukataa. Ningekataa, ile dozi isingepanda ndege kuja Arua, ilishatoka kwenye friji, jioni inatupwa. Mambo yaliamuliwa kwenye mikataba ya kununua, miezi mingi nyuma. Hata za msaada nyingi zilifika zimebakiza wiki chache ziharibike, Malawi wakateketeza kwa moto karibu dozi 20,000 Mei 2021, halafu huku tunaambiwa Waafrika hawataki chanjo.

Mpox ni yaleyale. Mwaka 2022 Ulaya na Marekani walishachanja watu wao, Kongo ya Kinshasa ambako huo ugonjwa umekaa miaka na miaka wakapata shehena ya kwanza Septemba 2024, na hapo mpakani Vurra mnavukiana nao kila siku. Kwa hiyo binamu hasira yako ni ya haki, ila ipeleke kwa wanaosaini. Muulize mbunge wako Uganda imeagiza nini na kutoka wapi kabla mlipuko mwingine haujaja. Mi namwandikia wa huku, sisi wa Jumuiya ya Madola tunapiga kura hapa hata bila pasipoti yao, na barua nishaianza.