Kunguru wa Mombasa na kiota cha mnana

Wiki hii mmeuliza kama ni haki kunguru wa Pwani kuwekewa sumu, maana 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza wanataka kuwaondoa milioni moja. Mie ndege nawatazama tangu darasa la tatu, saa hii nina wajukuu, kwa hivyo niliposoma tu roho ilinichemka. Kwani walijileta? Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, Mombasa wakaonekana 1947, na taka tunazimwaga sisi.

Lakini naandika huku namkumbuka nyanya, Kisauni. Kulikuwa na mnazi karibu na kisima, ndege mnana wamening'iniza viota kwenye makuti, nami nakaa mkekani kutwa namtazama dume la manjano akichana ukuti uzi mmoja, aruke nao, aupenyeze kwa mdomo, auvute, aupenyeze tena, vile vile nyanya alivyokuwa akisuka ukili pale chini. Kiota kikiwa kipya ni kijani, tundu liko kwa chini. Siku hiyo akaja kunguru, yule wa shingo ya kijivu, hakuhangaika na tundu, alishika ukuti kwa miguu akakichana kiota ubavuni, akatoa kinda halina hata nyoya, lile dume linamrukia kichwani linalia na yeye wala hageuki. Nyanya akamtupia kifuu. Akaruka, jioni akarudi na mwenzake. Wiki haikuisha mnazi ukawa kimya, viota viwili vimeachwa nusu, nyuzi zinaning'inia, na nyanya hakusema kitu ila alihamisha mkeka akawa anasukia upande wa pili wa nyumba.

Kwa hivyo sijui tena kama swali ni haki ya kunguru peke yake, na mnana je? Na ndege wengine, shore na tetere?

Basi wawekewe sumu, nimekubali, japo si kwa moyo mweupe. Ila kwanza majaa yazolewe kila siku maana chakula kikibaki watazaana tena, mizoga iokotwe isilale njiani, na yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe, ambaye Mombasa siku hizi kumuona ni bahati, asiguswe. Na mtaani kwetu wakija kuweka wanijulishe mapema, siku hiyo nitalala kwa binti yangu Likoni.