Mtoto mwenye vifuko kwenye pafu: apasuliwe lini? Sisi tulivyochelewa miezi mitano

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mtoto ana miezi miwili, vifuko vya pafu, yaani sehemu ya pafu isiyoumbika sawasawa, vilionekana kwenye utrasaundi mimba ikiwa na wiki 20, ananyonya vizuri na hahemi kwa shida. Daktari mmoja kasema apasuliwe akifika miezi sita, mwingine kasema msubiri hadi miaka miwili, na mama mkwe anasema mtoto anayecheka hivyo hapelekwi kwenye kisu. Wewe mwenyewe unaogopa dawa ya usingizi. Mimi si daktari. Wangu alitolewa kipande cha chini cha pafu la kushoto akiwa na miezi 11. Tarehe yetu ya kwanza ilikuwa miezi sita.

Wetu naye alionekana akiwa tumboni. Wiki ya 34 mpimaji akasema haoni kitu tena, nyumbani tukapika pilau. Alipozaliwa eksirei ikatoka safi. Daktari wa watoto peke yake ndiye aliyekataa kufurahi na sisi. Akaandika CT, ile picha ya kina ya kifua, mtoto akiwa na miezi mitatu, na vifuko vilikuwa palepale. Akanieleza kwamba mimba ikikaribia mwisho, vifuko vingi husinyaa au hufanana na pafu linalovizunguka, hivyo utrasaundi haivitofautishi, na eksirei nayo hupitwa kirahisi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: CT imeshafanyika? Kama bado, hao madaktari wawili wanabishana juu ya kitu ambacho hakijapimwa sawasawa.

Mpasuaji alituambia miezi sita kwa hesabu hii. Mtoto wa wiki chache dawa ya usingizi humlemea zaidi, na kama hana dalili hakuna cha kukimbilia. Lakini vifuko hivyo havisafishiki kama pafu la kawaida, vikipata nimonia pafu linagandana na ukuta wa kifua na kazi inakuwa ngumu. Pia miaka ya mwanzo pafu zima bado linaongeza vijifuko vyake vya kawaida vya hewa, hivyo lililobaki huziba nafasi vizuri. Akagusia na saratani, akasema ni nadra sana ila kwa picha peke yake hawezi kuapa.

Tukakubali. Kisha baba yake akahamishwa kikazi, bima ikasumbua, mtoto kanenepa anatambaa, tukawa tunasema mwezi ujao. Akiwa na miezi tisa homa ikapanda. Zahanati wakampa amoksilini, haikushuka. Kituo cha afya wakambadilishia dawa, na mtu mmoja pale akaanza kuzungumzia kifua kikuu. Nilikuwa nimeacha CD ya CT mkoa mwingine! Tulilazwa siku 12 akiwa kwenye oksijeni, halafu ikabidi tusubiri wiki kadhaa apoe ndipo apasuliwe. Operesheni tuliyoambiwa ya saa mbili ilikaribia tano, na damu akaongezewa.

Sasa huyo daktari wako wa miaka miwili simbezi. Hata Ulaya na Kanada wapo wapasuaji wanaomwacha mtoto asiye na dalili na kumfuatilia tu, na watoto wengi hukaa miaka bila kuugua. Tatizo langu ni kwamba kule kusubiri kuna kliniki, kuna faili, na homa ikianza usiku kuna anayejua mtoto ana nini kifuani. Mtoto wangu alisubiria mahali penye zahanati tu. Ukikaa dakika 20 kutoka hospitali yenye mpasuaji wa watoto, msikilize. Ukikaa mbali kama sisi tulivyokuwa, mimi ningeshika miezi sita nisiachie.

Hofu ya dawa ya usingizi uliyoandika naijua. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu usingizi unaozidi saa tatu au unaorudiwarudiwa kwa watoto chini ya miaka mitatu. Nililisoma saa nane usiku, kosa kubwa. Mtaalamu wa usingizi akanituliza: upo utafiti uliofuatilia watoto waliolazwa usingizi chini ya saa moja wakiwa wachanga, na walipofika miaka mitano akili zao hazikutofautiana na za wenzao. Ni kweli operesheni ya pafu huzidi saa moja, kwa hiyo haujibu kila kitu. Ila ona sisi: kuchelewa kwetu ndiko kulikomvusha mtoto hizo saa tatu.

Yote haya ni kwa mtoto asiye na dalili. Akianza kuhema haraka, kutokwa jasho akinyonya, mbavu kubonyea au midomo kuwa ya bluu, ni siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Wodini tulikuwa na jirani, kichanga ambaye sehemu ya juu ya pafu lake la kushoto ilikuwa inaingiza hewa bila kuitoa, inavimba na kusukuma moyo pembeni. Kwenye eksirei ilifanana na hewa iliyovujia nje ya pafu, nusura achomekwe mpira kifuani mahali ambapo haukutakiwa. Yule alipasuliwa akiwa na wiki tatu. Hakuna aliyejadili miezi.

Muulize mpasuaji pia kama hivyo vifuko vina mshipa wao wa damu kutoka kwenye mshipa mkuu wa moyo. CT ya dawa ya mshipani huuonyesha, na mpasuaji lazima aujue kabla hajafungua. Hakikisha chanjo ya nimonia ya wiki 6, 10 na 14 hairukwi. Jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuwasha vitoke chumbani.

Na kile kipande wakishakitoa hupelekwa maabara kuangaliwa kama kina saratani. Sisi tuliruhusiwa, tukarudi nyumbani, tukasahau kabisa. Nilikumbuka baada ya mwezi na nusu, nikapanda basi kwenda kuulizia. Majibu yalikuwa kwenye droo, hayana shida, hakuna aliyekuwa na mpango wa kutupigia simu.