Nikikaa kutulia, mawazo ndiyo yanazidi. Nina tatizo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nauza duka la jumla hapa Morogoro. Kwa wiki tatu sasa kila alfajiri nafanya mazoezi ya utulivu wa akili: nafumba macho, nafuata pumzi. Sifiki hata pumzi ya kumi. Nakumbuka ada, marejesho ya kikoba, maneno ya wifi yangu. Mwalimu ninayemfuata kwenye simu anasema akili yangu ina vifungo, nilipe 150,000 anifungue kwa siku saba hadi nisiwaze chochote. Ni kweli nina tatizo?

JIBU: Marahaba. Huna tatizo, na hiyo hela usilipe.

Sijui nani aliwaaminisha watu kwamba kutulia ni kutowaza. Kila wiki naletewa swali hili, na kila anayeuliza amekwisha jilaumu. Asiyewaza chochote yuko kwenye nusukaputi. Mwaka 2010, wanasaikolojia Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa ghafla kupitia simu zao: unafanya nini sasa, na unawaza nini? Karibu mara 47 katika kila mara 100, akili ilikuwa pengine kabisa. Hao walikuwa watu wa kawaida, wako kwenye shughuli zao.

Kulifukuza wazo ndiko kunakolirudisha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwakataza wanafunzi kumfikiria dubu mweupe kwa dakika tano, wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, wakamfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa mwanzoni. Mtoe dubu, weka marejesho ya kikoba, ndiyo alfajiri yako hiyo.

Acha kwanza kufumba macho. Chukua ungo, chambua mchele wa mchana. Vidole vinasogeza punje kidogo kidogo, jicho linatafuta jiwe, chuya unaziweka pembeni, vumbi la mchele linabaki kwenye ncha za vidole. Mara unashtuka: nusu ya ungo imepita hukuiona, ulikuwa unajibizana na wifi kichwani. Hapo uliposhtuka ndipo penye zoezi. Usijigombeze, wala usimalizie yale majibizano; rudisha akili kwenye punje, endelea. Ukishtuka mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini. Wewe umekuwa ukizihesabu hizo kama mara ishirini za kufeli.

Jon Kabat-Zinn, aliyeyaingiza mazoezi haya hospitalini mwaka 1979 kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, alianza na wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wamefika nao mwisho. Zoezi la kwanza lilikuwa kula zabibu kavu moja, polepole. Mafunzo yake ni ya wiki nane, na kila siku mtu anafanya mazoezi mwenyewe nyumbani. Hakuna kufunguliwa vifungo humo.

Sasa hawa walimu wa simu. Kuuza kozi ni biashara yao, nisingepoteza wino. Kinachonikera ni kwamba hawaulizi kitu. Hawaulizi kama mtu anatumia dawa. Nimempokea mgonjwa aliyeacha dawa za sonona kwa sababu aliambiwa "pumzi inatosha", akaletwa na ndugu akiwa hali wala halali. Hawaulizi kama mtu amewahi kubakwa, kupigwa, au kunusurika ajali. Kwa mtu wa namna hiyo, kufumba macho na kuzama ndani kunaweza kulirudisha tukio zima, moyo unaenda mbio, jasho linamtoka. Kisha anaambiwa hivyo ndivyo vifungo vinavyokatika, aendelee! Aache hapo hapo. Afumbue macho, akanyage sakafu, ataje vitu anavyoviona chumbani, na safari nyingine asifanye bila mtaalamu.

Anayetumia dawa asiziache bila kuongea na aliyemwandikia. Na mtu akipitisha wiki mbili hana raha na chochote, usingizi umemkimbia, chakula hakipiti, asihangaike na ungo wala pumzi: aende hospitali. Akianza kuwaza kujidhuru asingoje hizo wiki mbili, aende leo, na asiende peke yake.

Ada na kikoba, dada, hayo si mawazo ya kufutwa. Yatengee robo saa jioni, na daftari na kalamu.