Breki inazama ukishuka Kitonga? Acha pedi kwanza
Kaka, umesema pedi zimebadilishwa mara mbili, pedeli bado inazama ukishuka Kitonga (ule mteremko mkali wa Iringa), gari likipoa inarudi. Hapo gari limeshajibu: pedi zilizokwisha haziponi kwa kupoa, na silinda kuu (inayosukuma mafuta ya breki) ikiwa mbovu ingezama hata asubuhi. Shuku mafuta ya breki. Hunyonya unyevu, na mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishika maji kiwango hicho ni 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndiyo pedeli inazama. Badilisha yote kwa DOT 4 ya chupa mpya, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kikopo cha mafuta ya breki kisikauke (mafundi wengi huteleza hapa). Gurudumu moja likizidi joto, kagua kalipa (kifaa kinachobana pedi). Tena shuka na gia ndogo tangu juu, usingoje harufu ya breki kuungua.