Czerniaków alikuwa mwoga?

Ndugu, umemwita Adam Czerniaków mwoga kwa kuwa alijiua badala ya kusimama na Wayahudi wenzake wa Warsaw, Poland, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nasita. Tangu 1939 aliongoza baraza la Wayahudi ambalo Wanazi walilitumia kupitishia amri zao, akawa mguu na njia kwenye ofisi zao kuombea watu nafuu. Tarehe 22 Julai 1942 akaamriwa atoe watu 6,000 kwa siku wapelekwe "mashariki", kumbe Treblinka, kambi ya mauaji. Aliomba angalau yatima waachwe, hakupata hakikisho lolote. Kesho yake akajiua ofisini, akiacha ujumbe kwamba wanamtaka aue watoto wa taifa lake kwa mikono yake.

Lawama yenye uzito ni ya Marek Edelman, mmoja wa viongozi wa uasi wa Wayahudi wa Warsaw dhidi ya Wanazi mwaka 1943: kwamba alikufa kimya, bila kuwaambia watu wakatae. Hapo simtetei. Ila mpime na Chaim Rumkowski, kiongozi wa baraza kama hilo katika mji wa Łódź, pia Poland. Septemba 1942 alisimama hadharani kuwaomba wazazi watoe watoto wa chini ya miaka 10, akiamini wanaofanya kazi watasalimika. Yeye mwenyewe aliuawa 1944 Auschwitz, kambi nyingine ya mauaji.