Ndugu yako akirudi nyumbani na jeraha la vita

Ukisikia ndugu yako anaruhusiwa kutoka hospitali ya jeshi ya Lugalo wiki ijayo, akili itakimbilia kwenye pilau na turubai la wageni. Hayo yasubiri. Tafuta kwanza fundi akuwekee vyuma vya kushikia bafuni na chooni.

Kaka yangu ni askari wa JWTZ. Alirudi kutoka ulinzi wa amani Kongo akiwa amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Wageni walipoondoka tulibaki naye Gongo la Mboto mimi, mama na wifi yangu, na nilichojifunza ni kwamba hospitali ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kule kuna ratiba, kuna wauguzi, kuna askari wenzake vitanda vya jirani wanaotaniana usiku kucha. Nyumbani kuna kochi, televisheni, na ndugu kumi wanaomwambia, "Afande, wewe pumzika tu." Hilo la kumpumzisha ndilo ninalotaka tuliongelee.

Lakini mwili kwanza. Kila mama atataka kuweka mto chini ya kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Usikubali, hata kama ni mama yako na hata kama atanuna. Goti likizoea kukunjwa linakakamaa, na mguu wa bandia hautamkaa vizuri. Alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku kama mtaalamu wa mazoezi tiba alivyoelekeza. Halafu mjue kwamba kigutu husinyaa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mguu wa bandia uliomtosha sawasawa utaanza kupwaya. Msimlaumu fundi, rudini karakana wamrekebishie. Hospitali ya CCBRT pale Msasani na taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, wanayo huduma hiyo. Na joto letu hili la Dar, jasho likituama ndani ya mguu wa bandia linachubua ngozi. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku, na jioni ajikague kwa kioo kidogo. Akiona wekundu usiopotea, avue mguu, asijikaze kiaskari.

Kuna siku kaka alikuwa anakunja uso, akasema vidole vya mguu vinamuuma. Mguu upi? Ule ambao haupo. Jirani mmoja akaanza kutaja majini na mganga wa Chanika. Hayo si majini: ubongo bado unautafuta mguu, na maumivu ni ya kweli kabisa. Tulichofundishwa ni kusimamisha kioo kirefu katikati ya miguu, anyooshe mguu mzima na kuuchezesha taratibu huku anatazama taswira yake upande wa pili, kana kwamba yote miwili ipo. Tulitumia kioo cha mlango wa kabati. Si kila mtu humsaidia, ila kaka kilimpunguzia maumivu. Daktari pia ana dawa za maumivu ya aina hiyo, ambazo si panadoli.

Usiku una mambo yake. Sisi wa Gongo la Mboto tuliokimbia mabomu ya ghala la jeshi yaliyolipuka Februari 2011 tunajua kidogo mlio unavyobaki mwilini. Wapo watu mtaani kwetu ambao mpaka leo transfoma ikilipuka wanatafuta mlango. Sasa mzidishie hapo mtu aliyepigwa risasi. Akishtuka usingizini usimtikise. Simama upande wa miguuni mwake, mwite jina, mwambie yuko nyumbani. Akianza kujitenga, kunywa kupita kiasi au kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, na siku hiyohiyo mpelekeni hospitali.

Turudi kwenye kochi. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri, kupangiwa zamu na kuwajibika, ukimnyang'anya kila kazi umemwondolea na cheo. Kaka tulimwachia hesabu ya nyumba: luku, ada za watoto, mafundi. Alikuwa mkali mno kwa mafundi, lakini ndio hivyo. Dukani alikwenda mwenyewe kwa magongo, kwenye ule mchanga wetu, akichelewa alichelewa. Mipira ya chini ya magongo ikilika badilisha mapema, maana kwenye vigae vyenye maji gongo lisilo na mpira linateleza vibaya.

Fedha za mafao zikiingia, watatokea ndugu msiowajua, kila mmoja na mradi wa kuku. Ziwekwe benki, uamuzi uwe wake na mkewe, na usiharakishwe. Nakala za barua, vyeti na ripoti za daktari ziwe kwenye faili moja tangu siku ya kwanza. Kila ofisi itaziomba.

Kuhusu kazi ya uraiani, askari wengi wanajidharau. Dereva, fundi mitambo, mtunza stoo, fundi umeme: huo ni ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na haina ubaya kuitaja kwa heshima kwenye barua ya maombi. Kwenye ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia. Na kama anapenda mpira, amtafute kocha wa soka la walemavu: Tembo Warriors, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka hilo 2022 kule Uturuki, wakicheza kwa magongo.

Mwisho ni wifi. Wote walikuwa wanampigia simu kumuuliza "mgonjwa anaendeleaje", yeye hakuna aliyemuuliza. Tukapanga Jumamosi mimi nashinda pale tangu asubuhi, yeye anakwenda kusuka, kwa dada yake Mbagala, au analala usingizi tu. Haulizwi alikuwa wapi, na nauli natoa mimi.