GTA ni ya Waskoti, na ya simu haipo

Mtaalamu, naomba linki ya gemu ya GTA V (Grand Theft Auto) ya simu, MB ziwe chache. (Mwanza)

Haipo. Nimelijibu hili mpaka vidole vimechoka. Ya simu ni GTA za zamani, San Andreas na wenzake, nazo zinauzwa kwenye duka rasmi la simu yako. Hiyo APK (faili la kusakinisha programu) inayozunguka kwenye magrupu inaomba ruhusa ya kusoma SMS zako. Gemu inataka SMS za nini? Ukiiruhusu, usije kuniuliza salio limekwenda wapi.

Kaka, Wamarekani wanawezaje kutengeneza kitu kama GTA, sisi tushindwe?

Wamarekani gani? GTA ilizaliwa Dundee, Uskoti. Mji huo ulikuwa na kiwanda cha Timex kilichounganisha kompyuta ndogo za ZX Spectrum, na vijana wake wakazizoea mapema. David Jones alikuwa fundi pale. Kazi zilipopunguzwa akachukua malipo yake, akanunua kompyuta ya Amiga. Pamoja na Mike Dailly, Russell Kay na Steve Hammond, aliokutana nao kwenye klabu ya kompyuta chuoni, wakajenga DMA Design, studio iliyokuja kuunda GTA.

Siku moja mwaka 1989 Dailly alichora kijitu kinachotembea ndani ya kisanduku cha nukta 8 kwa 8. Kidogo hivyo! Kay akakitazama, akasema humo mna gemu. Ikawa Lemmings: vijitu vya nywele za kijani vinavyokwenda mbele tu, shimo liwepo lisiwepo, mpaka wewe uvichimbie njia. Ilitoka Februari 1991, nakala 55,000 zikanunuliwa siku ya kwanza.

Makao makuu ya Rockstar, kampuni inayotoa GTA, yako New York, sikatai. Hata hivyo, ndugu wawili walioiongoza, Sam na Dan Houser, ni wa London. Mwenye duka si lazima awe fundi. Na hilo la "sisi tushindwe" nalikataa: wale walianza na klabu ya jioni, wewe una simu yenye nguvu kuliko Amiga yao unabetia mpira.

DMA ni kifupi cha nini?

Direct Memory Access, jina walilolitoa kwenye vitabu vya Amiga. Baadaye wakatania kwamba halina maana yoyote.

Ni kweli GTA ilitokana na kosa?

Nusu kweli. Mwaka 1995 iliitwa Race'n'Chase, na ungeweza kucheza kama polisi. Ikadorora. Kisha magari ya polisi yakapata wazimu: badala ya kukusimamisha, yakawa yanataka kukupitia juu. Waliokuwa wakiijaribu wakakuta raha iko hapo hapo. Ilitoka 1997.

Studio bado iko Dundee?

Ilihamia Edinburgh, na tangu 2002 inaitwa Rockstar North. Jones aliondoka, akaanzisha Realtime Worlds, ikafanya vizuri na gemu ya Crackdown, kisha gemu nyingine, APB, ikaiangusha mwaka ule ule ilipotoka, 2010.

GTA VI lini? Kuna jamaa ananiuzia mapema.

Walisema 2025, wakasogeza hadi Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026. Iandike kwa penseli. Na huyo jamaa mwambie akuonyeshe ikiwaka kwanza, kabla hujatoa hata mia.